Pesa za Wifi na Shati la Kaki

Tarehe 6 Januari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, vidole vyote kumi bado vipo, na kwa mtu wa kiwanda cha mbao hiyo ndiyo habari ya kwanza kuitoa. Magoti ya mama yanasemaje? Mwambie nikipata nafasi nitakuja kumsalimia, asichoke kuningoja.

Huku msumeno mkubwa umemla mwenzetu vidole viwili. Msimamizi akatuambia tufagie, tuendelee na kazi. Nikamwambia, fagia wewe. Akanisukuma. Nikamtandika kichwa cha pua, damu ikamchuruzika mpaka kwenye viatu. Sijafukuzwa kwa sababu hakuna mwingine anayelipeleka gogo kwenye meno kama mimi; si bure wananiita Msumeno. Ila siku hiyohiyo jino la msumeno lilinirarua shati la kazi kuanzia kwapani hadi kiunoni. Lingeingia kidogo zaidi, sasa hivi mngekuwa mnanizika.

Haya, lililonifanya nishike kalamu. Nimempa dereva wa lori la mbao bahasha. Ni zile pesa. Matunzo! Neno lenyewe linanitia kichefuchefu. Hutunzwa mtoto mchanga, hutunzwa mgonjwa. Huyu niliyempa talaka ni mwanamke mzima aliyetoka kwangu kwa miguu yake, halafu kila mwezi nimmegee jasho langu "mpaka atakapoweza kufanya kazi tena"! Hakimu alidanganywa na lile gauni. Unakumbuka alivyosimama pale mbele, vifungo vimetafunwa, kola imelowa mate, utadhani mbuzi amepita? Maigizo matupu. Watu wote wakamwonea huruma, mimi nikacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniponza.

Hakimu alisema pesa zipitie kwako na mimi nisijue anakokaa. Sawa. Lakini wewe ni dada yangu, si dada wa hakimu. Niambie tu yuko mtaa gani. Nataka kuona kwa macho yangu kama kweli hafanyi kazi. Simu zangu hupokei, basi nasubiri jibu kwa dereva.

Mdogo wako.


Tarehe 27 Januari

Mdogo wangu, marahaba.

Mama hajambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwenda chini anasema amewaachia madaktari. Paa la chumba cha cherehani linavuja palepale ulipoziba wewe, kwa hiyo tumeweka ndoo, na kila mvua ikinyesha tunakukumbuka. Nina sare za shule mpaka kwenye kitanda. Wazazi wanataka watoto wapendeze Jumatatu, kitambaa wananiletea Ijumaa jioni.

Simu sipokei, na sitapokea. Kwenye simu unatukana kama bomba lililopasuka. Kwenye karatasi lazima ushike kalamu, na nikijua umeshika kalamu najua mkono wako haupo kwenye koo la mtu.

Pesa zimefika na mwenyewe amezipata. Umeandika kwamba alitoka kwa miguu yake. Kweli kabisa, miguu hukuigusa. Uliushika mkono wake wa kulia, ukauingiza kwenye mlango wa kabati, ukaupiga mlango teke. Ukaufungua, ukaupiga tena. Daktari alinionyesha ile picha. Vidole vizima, kiwiko kizima, hapo katikati ni kama biskuti iliyokanyagwa. Na wewe ukasimama mbele ya hakimu ukasema mlango ulijifunga kwa upepo. Chumbani, madirisha yamefungwa! Upepo wa wapi, mdogo wangu?

Kwa hiyo usiniulize wifi anakaa wapi. Ndiyo, wifi. Talaka umempa wewe, mimi sijampa.

Na usidhani naogopa. Mkanda wa baba ulitulea sote wawili. Hicho ulichonacho mkononi hata mimi ninacho, nakijua kinavyoamka, nakisikia mteja akinidhulumu. Mimi nakitolea kwenye vitambaa. Nakata, nakata, mpaka kitulie.

Mama amesikia habari ya shati lako akalia kama umekufa. Anataka nikushonee jingine. Nitalishona kwa ajili yake, siyo yako.

Dada yako.


Tarehe 9 Machi

Dada, shikamoo.

Msalimie mama. Mimi mzima kwa nje.

Mwezi huu hakuna pesa. Usimtume karani wa mahakama, usinitumie na mahubiri. Ninalala chumba kimoja na fundi wa kunoa misumeno, na juzi usiku alinitania eti mimi namfuga mke wa mtu mwingine kwa mbali. Nilimkandamiza ukutani mpaka miguu ikaning'inia. Redio yake nikaikanyaga. Asubuhi tukanywa chai pamoja. Lakini maneno yake hayajanitoka, Dada. Kila gogo ninalolisukuma namwona yule mwanamke amelala mchana huku mimi nakatika mgongo.

Kama mkono wa kulia umeharibika, si ana wa kushoto? Mbona hakimu hakuuliza hilo? Siku nikimkuta ameushughulisha na kazi, ameniona mjinga miezi yote hii, huo wa kushoto nao utapigwa na upepo. Haya nimeyaandika taratibu, kalamu mkononi, kama ulivyotaka.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Mama ameamka na kikohozi lakini anagombana, kwa hiyo hana hatari. Ndoo imejaa mara mbili wiki hii.

Barua yako niliivalia viatu ili niipeleke kwa hakimu. Mama akanishika gauni. Aliniuliza kama nataka amwone mwanawe amefungwa kabla yeye hajafa. Nikavua viatu. Mshukuru Mungu wako kwa ajili ya mama, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikisoma tena neno moja kuhusu ule mkono, sitavua.

Dereva amebeba kifurushi. Ni shati la kaki, mifuko miwili, mgongoni nimelipanua ili lisikubane ukisukuma magogo. Nimelimaliza harakaharaka maana sare zimenielemea. Livae, ufanye kazi, ulipe. Hukuombwa zaidi ya hapo.

Dada yako.


Tarehe 14 Aprili

Dada.

Shikamoo nitakupa nikifika.

Shati limenikaa. Nimelivaa kazini siku kadhaa nikihisi kuna jambo, silijui ni jambo gani, mpaka leo wakati wa kula nikalijua. Halinikwaruzi. Wewe tangu utotoni vifungo vyako vinakwaruza. Fundo unalifunga kwa ndani, linakaa kifuani kama mchanga. Hivi havikwaruzi. Nikakivuta kimoja nikakitazama. Uzi umezungushwa shingoni mwa kifungo, fundo limefichwa chini yake, upande wa nje.

Mtu anayeshona hivyo namjua mmoja tu. Alianza mwaka ule tulipooana, nilipolalamika kwamba fundo linanichoma. Kifua changu kimevaa vifungo vyake miaka tisa, Dada, unadhani kitavisahau?

Kumbe anafanya kazi! Na anaifanya kwako! Yuko hapohapo, nyuma ya lile pazia la kupimia nguo, anakula sahani moja na mama yangu, halafu mimi natuma bahasha kwa lori zivuke nchi nzima ili umpe kwa kunyoosha mkono tu. Mmenicheka kiasi gani? Mlikuwa mnazihesabu pamoja mkicheka?

Shati hili litafika kwa hakimu, lakini litaanzia kwako. Barua hii inatangulia, mimi nafuata nikishalipwa mshahara. Nakuandikia kwa sababu moja: mtoe nje wewe mwenyewe, nimkute barabarani, nisimfuate ndani mbele ya mama. Na ukimtorosha, jua kwamba na wewe una mikono na una kabati.

Msumeno.


Tarehe 11 Juni

Mdogo wangu,

Leo hukuniamkia, kwa hiyo sina cha kuitikia. Mama mzima, ila hali chakula. Paa bado linavuja.

Barua yako ya mwezi wa nne niliipokea siku moja na wewe. Lori lilivunjika ekseli, likalala gereji, likarudi huko kupakia upya, na dereva akaileta bahasha ikiwa bado mfukoni mwake huku wewe umekaa kiti cha pembeni. Yeye anashuka kunipa barua, wewe umeshaingia. Niliisoma kesho yake, mikono imeshaoshwa.

Nesi wa huko ulikohamishiwa anasema unawaambia watu wodini kwamba siku ile huikumbuki. Mimi nitakukumbusha.

Mama ndiye aliyekufungulia. Alisikia sauti yako akaenda mlangoni bila fimbo, akijua ni mwanawe amekuja kumsalimia. Ulimpita kama unavyopita nguzo ya umeme. Mimi nilikuwa napiga pasi sare, mkaa umekolea. Ulikuwa umelivaa lile shati, kifungo cha juu umekinyofoa, umekishika mkononi. Ukalivuta pazia likaanguka pamoja na fito yake. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, sindano mkono wa kushoto. Hakupiga kelele. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma. Alikunja mabega tu, akatulia, kama mtu aliyenyeshewa mara nyingi akajua mvua itaisha lini.

Ulimburuta kwa nywele hadi kwenye meza ya kukatia. Ukamgongesha uso mezani, jino la mbele likaruka, damu ikatapakaa kwenye mashati meupe ya watoto wa watu. Ukamuuliza, "Unaofanya kazi ni upi?" Ukaukamata mkono wa kushoto ukaukandamiza pale mezani, ukachukua mkasi wangu mkubwa, ule wa maturubai. Mama akawa anakuita kwa jina lako la utotoni. Ukamwambia, "Mama, nenda kalale."

Ndipo nikaja na pasi.

Pigo la kwanza lilikupata kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa. Mkasi ukaanguka, wifi akajichomoa, mama akamfunika kwa khanga yake. Wewe ulikuwa umekwisha, umepiga magoti, unaniita dada, dada. Hilo lilikuwa pigo la wifi, na sitaliombea radhi kwa mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa.

La pili lilikuwa langu. Mkono wako ulikuwa sakafuni, hauna kitu. Niliuona vizuri. Nikaishusha pasi juu yake kwa mikono miwili, mfuniko ukafunguka, mkaa ukamwagika, nikasikia harufu yako. Kile alichotuachia baba kiliamka chote kwa mara moja, na Mungu anisamehe, kilikuwa kitamu. Majirani wasingeingia, kungekuwa na la tatu.

Ningeweza kusema ilianguka yenyewe, kwa upepo. Hakimu akaniuliza ni mara ngapi. Nikamwambia mara mbili.

Kwa hiyo uamuzi ndio huu, maana siku ya kusomwa ulikuwa umelala na sindano za usingizi. Wewe ukikanyaga tena mtaa wetu, au ukimwandikia wifi au kumtaja jina, unakwenda jela moja kwa moja. Na kwa ajili ya pigo lile la pili, mimi nitakulipa kila mwezi mpaka utakapoweza kufanya kazi tena. Maneno ni yaleyale, na karani aliyeyaandika ni yuleyule. Hata yeye alinitazama juu ya miwani. Sasa na wewe una matunzo, mdogo wangu. Pesa za mwezi huu ziko kwa dereva.

Na kuhusu ule ushahidi wako: kifungo kimoja kinamla wifi asubuhi nzima. Anakishikilia kitambaa kwa goti, mkono wa kulia umelala tu hapo kama wa kuazima. Nilimpa aanze kuuzoesha wa kushoto, kwa sababu kukaa bure kulikuwa kunamtia wazimu. Lile shati sikumwambia ni la nani. Juzi ndiyo akanijulisha kwamba alilijua tangu aliposhika kola, eti shingo nene kiasi kile iko moja tu. Nikamuuliza, sasa kwa nini ukamfichia fundo? Akasema mkono haujui kushona namna nyingine.

Dada yako.


Tarehe 30 Agosti

Dada, shikamoo.

Usicheke mwandiko. Huu ni wa kushoto. Barua nimeianza jana.

Mama anakula?

Pesa zimefika, za miezi yote. Mara ya kwanza nilitaka kuzirudisha. Nilimwita dereva, nikamtukana, nikamtupia bahasha usoni. Akaiokota akaiweka dirishani akaondoka. Jioni njaa ikanishika, nikaichukua. Sijui mtu anazipokeaje hizi pesa bila kumchukia anayezituma. Mimi nakuchukia kila tarehe ikifika, halafu nakuchukia zaidi zikichelewa.

Kwenye msumeno wangu wamemweka mtu mwingine. Msimamizi alikuja kuniona. Pua imepinda tangu nilipomtandika kile kichwa. Nilijua amekuja kunicheka, hakucheka, akaniachia sukari. Ningekuwa na mkono ningempiga nao. Vidole vitatu havikunjiki. Daktari anasema vitakunjika, anasema hivyo akiangalia dirishani.

Sasa nina swali. Kiatu nimejifunza. Mkanda nimejifunza. Vifungo vimenishinda. Lile shati la kaki ndilo zima nililonalo. Kila asubuhi nakaa kitandani napambana nalo, nikikipata cha chini cha juu kinatoka. Juzi nilikipiga kioo kichwa, paji likachanika. Yule fundi wa kunoa alitaka kunifungia, nikamwambia akinigusa namuua. Natembea kifua wazi kama mlevi na watu wananipisha njia.

Jina simtaji, nimekatazwa. Wewe muulize tu. Vya gauni lake alikuwa anavifungaje kwa mkono mmoja?

Mdogo wako.


Tarehe 21 Septemba

Mdogo wangu, marahaba.

Mama anakula sasa, na ameanza kulalamikia chumvi, kwa hiyo tumeshukuru. Paa limezibwa. Limezibwa na wifi, amesimama juu ya meza, mimi nimemshika miguu na mama anatoa amri. Ndoo tumeirudisha bafuni.

Barua yako sikutaka kumwonyesha wifi. Niliiweka chini ya cherehani ikakaa hapo siku nyingi, kila nikikanyaga pedali naiona pembe yake. Nilisema moyoni, muache naye akae kifua wazi. Kisha nikakumbuka ule mkono wako sakafuni, nikaacha kukanyaga, nikaendelea tena. Hivyo hivyo, siku baada ya siku. Sijui nikuambie nini kuhusu hilo. Mkono wangu ulioungua na ule mkaa umepona kabla ya wako, na siyo haki, na ndivyo ilivyo.

Mwisho wake ni mama aliyesema. Unamjua, hasikii chochote isipokuwa kisichomhusu. Nilimsomea barua yako chumbani kwake taratibu kabisa, na yeye akaja nayo mezani kwa sauti ya kuuzia samaki: "Eti mwanangu vifungo vimemshinda? Anauliza yule mwenziwe alifanyaje!"

Wifi alikuwa anashona. Pazia hatukulirudisha tena, siku hizi anakaa hadharani, karibu na mlango, penye mwanga. Hakuinua kichwa. Alimaliza kuzungusha uzi, akaukaza, akalificha fundo.

Halafu akaupeleka uzi mdomoni ili aukate. Aliukatia pembeni, kwa magego, maana pale mbele ulipomgongesha hapakati kitu tena. Akaufuta mate kwenye gauni.

"Kwa meno," akasema. "Mwambie, kwa meno."

Pesa za mwezi huu ziko kwa dereva.

Dada yako.